Kilo za Mtu Aliyetangulia

Mama yule aliweka stakabadhi mbili juu ya meza ya karani, moja yake na nyingine ya mzee aliyemtangulia kwenye foleni, kisha akauliza kwa utaratibu inawezekanaje wote wawili wawe wameleta kilo 47.6 za kahawa ya maganda. Mzee alikuwa amekuja na gunia lililojaa hadi mdomoni, na vijana wawili walisaidiana kulishusha. Yeye alikuwa amekuja na mfuko aliojitwika kichwani tangu nyumbani, kwenye njia ya mteremko yenye utelezi wa ukungu wa asubuhi.

"Shikamoo, mama. Kwani kuna tatizo?" karani alimuuliza.

"Marahaba, mwanangu. Mzigo wa kilo arobaini na saba mimi siuwezi tena. Nipimie upya."

Karani akapima upya. Mzani ukasoma 18.2.

Kosa lile lilikuwa la kumfaidisha, na ni yeye mwenyewe aliyelikataa.

Mimi nilikuwa kituoni kwa shughuli nyingine. Chama hicho cha ushirika, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimeniita niangalie kwa nini programu inayotuma uzito kutoka vituo vya kupokelea kahawa kwenda kwenye seva iliyoko Moshi mjini ilikuwa ikipoteza mawasiliano mara kwa mara. Ni programu ndogo ya upande wa mteja, yaani upande unaoiomba seva huduma, iliyoandikwa kwa lugha ya C na mafundi ambao walikwisha kuondoka kabla sijafika, na kwa sehemu kubwa imeandikwa vizuri. Nilirudi mjini na suala la mtandao nikaliweka kando, kwa sababu swali la mama yule lilikuwa zito kuliko lile nililoitiwa, na kwa wiki kadhaa halikuniacha. Ikiwa mtu mmoja alipewa kilo za aliyemtangulia na akaona kwamba zimezidi, basi wako waliopewa kilo za aliyewatangulia zikapungua, na hao hawakuwa na stakabadhi ya jirani mkononi ya kulinganishia.

## Mistari mitatu

Sehemu yenye kasoro ni fupi kiasi kwamba naweza kuiweka hapa karibu kama ilivyokuwa:

    double uzito;
    soma_mzani(&uzito);
    tuma(mwanachama, uzito);

Kigeu cha uzito, yaani nafasi ya kumbukumbu iliyopewa jina, kinatangazwa bila kupewa thamani ya kuanzia. Anwani yake inapelekwa kwa fanksheni (kipande cha programu chenye kazi yake maalumu) inayozungumza na mzani kupitia poti ya siriali, nayo ndiyo inayotarajiwa kuandika humo ilichosoma. Mzani ukijibu, mambo yote ni sawa. Mzani usipojibu ndani ya muda uliowekwa, fanksheni ile hurudisha alama ya kushindwa na haiandiki chochote, jambo ambalo ni sahihi kabisa kwa upande wake. Tatizo ni kwamba mstari wa pili hauitazami alama hiyo, na mstari wa tatu hutuma chochote kilichomo.

Je, ni nini kilichomo?

Hapo ndipo wengi wetu husema kwamba ni takataka, na kwa muda mrefu nami nimelisikia jibu hilo likitolewa darasani na kazini bila mtu kulihoji. Lakini kumbukumbu ya kompyuta haina takataka zinazojizalisha zenyewe. Kila biti iliyopo kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu ambamo fanksheni huweka vigeu vyao vya muda, iliandikwa na mtu fulani kwa sababu fulani. Fanksheni ya kupokea mzigo huitwa kutoka mahali palepale kwenye mzunguko mkuu wa programu, kila mkulima anapofika, na kwa hiyo fremu yake, yaani eneo lake la kuwekea vigeu, hukaa pale pale kwenye staki ilipokaa mara iliyopita, na kigeu cha uzito huangukia baiti nane zilezile. Fanksheni inapomaliza kazi hakuna anayefuta. Ikiwa kati ya mkulima mmoja na mwingine hakuna fanksheni nyingine iliyopita juu ya baiti hizo, uzito wa mzee aliyetangulia unabaki pale, mzima, sahihi hadi nukta ya desimali, ukimsubiri anayefuata.

Kwa hiyo programu haikubuni namba yoyote. Ilitoa namba ya kweli kwa mtu asiyehusika.

## Sura mbili za kosa moja

Karani aliniambia kwamba mzani huo "huwa unasoma sifuri" siku ambazo umeme unakatikakatika, na kwamba wao hupima tena na kuendelea. Kwa muda niliamini kuwa hayo ni mambo mawili tofauti, moja la mzani na moja la programu. Sivyo. Ni kosa moja lenye sura mbili, na sura ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Kati ya mkulima mmoja na anayefuata, wakati mwingine mtandao hukatika na programu hulazimika kujaribu kuunganisha upya. Fanksheni za kuunganisha hupita juu ya eneo lilelile la staki na kuacha humo mambo yao, hasa pointa, yaani anwani za mahali pengine kwenye kumbukumbu. Kwenye mashine ya biti 64 iliyokuwa pale kituoni, anwani ya programu ya kawaida huwa na biti zake 16 za juu zikiwa sifuri. Ukizichukua baiti nane za anwani kama hiyo na kuzisoma kana kwamba ni namba ya desimali ya aina ya double, sehemu ya kipeo, inayopanga ukubwa wa namba, inatoka sifuri, na namba yote inakuwa ndogo kiasi cha kuwa na sifuri zaidi ya mia tatu baada ya nukta kabla ya kufikia tarakimu ya kwanza yenye thamani. Stakabadhi huchapwa kwa nafasi moja ya desimali. Namba hiyo huonekana 0.0.

Basi karani aliona sifuri, akaishuku, akapima upya. Alipoona 47.6 hakushuku, kwa sababu 47.6 ni uzito wa kawaida wa gunia. Kosa lililoonekana baya lilisahihishwa kila mara, na kosa lililoonekana jema lilipita na kuwekwa kwenye hesabu ya mtu. Sidhani kama kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo katika jamii hii ya kasoro: thamani ya ajabu hukamatwa na macho ya binadamu, lakini thamani inayosadikika haina wa kuikamata.

## Kwa nini kompaila ilinyamaza

Jambo la kwanza nililolitazama ni kama waliotutangulia walikuwa wamezima maonyo ya kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya C kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Hawakuwa wameyazima. Programu ilikuwa ikijengwa kwa kompaila ya GCC na chaguo la -Wall, ambalo huwasha pia onyo la vigeu visivyopewa thamani, na haikutoa onyo hata moja.

Sababu iko kwenye ile alama ya &. Kama kigeu kingesomwa moja kwa moja baada ya kutangazwa, kompaila ingelalamika. Lakini anwani ya kigeu inapokabidhiwa fanksheni iliyoandikwa kwenye faili jingine, kompaila haioni kilichomo ndani ya fanksheni hiyo, na inalazimika kudhani kwamba huenda ikaandika. Dhana hiyo ni ya busara, kwa sababu bila hiyo karibu kila programu ya C ingejaa maonyo yasiyo na maana, na watu wangeyazima yote. Kwa bahati mbaya, programu za upande wa mteja zimejengwa kwa mtindo huo tangu mwanzo hadi mwisho: unampa mtu chombo kitupu, unamwomba akujazie kutoka kwenye mtandao, kwenye poti au kwenye faili, na mara nyingine hakujazi.

Nilikuta mfano mwingine humohumo, na huu ndio uliokuwa ukikata mawasiliano. Kabla ya kutafuta anwani ya seva kwa getaddrinfo, programu hutayarisha strakti (kundi la vigeu) ya vidokezo inayoeleza ni aina gani ya anwani inatakiwa. Mafundi walijaza sehemu mbili walizozihitaji na kuziacha nyingine kama zilivyo, ikiwemo ile ya bendera, yaani biti za kuwasha chaguo za ziada. Kama baiti zilizokuwamo zilikuwa sifuri, jina la seva lilipatikana. Kama zilikuwa na mabaki, fanksheni ilikataa kwa kusema kwamba bendera si halali, na programu ikaandika kwenye rekodi zake kwamba "mtandao haupo". Mtandao ulikuwepo. Watu walipanda juu ya paa kugeuza antena kwa sababu ya strakti ambayo haikufutwa.

## Nilipochomoa waya wa mzani

Mezani kwangu kosa halikutokea. Mzani wa majaribio ulijibu kila mara, kwa kuwa waya ulikuwa mfupi na umeme ulikuwa umetulia. Nilipoongeza mstari wa printf, fanksheni ya C ya kuchapa, ili nione thamani ya kigeu, hata yale mabaki yalibadilika, kwa sababu printf yenyewe hutumia staki na kupita juu ya ushahidi. Nilipoijenga programu bila uboreshaji wa kompaila, mpangilio wa staki ulikuwa tofauti na tabia ikawa nyingine kabisa. Anayeisaka hitilafu ya namna hii kwa kuchungulia huiharibu kwa kule kuchungulia.

Niliichomoa waya ya mzani kwa makusudi na kuiendesha programu ndani ya Valgrind.

Valgrind, kazi iliyoanzishwa na Julian Seward na kutolewa kwa umma mwaka 2002, ina chombo chake kikuu kiitwacho Memcheck, ambacho kwa kila biti ya kumbukumbu huweka biti nyingine pembeni inayoeleza kama ile ya kwanza imewahi kuandikwa kihalali. Programu huenda polepole mara kumi, ishirini au zaidi, lakini kila thamani hutembea na cheti chake. Kinachowachanganya wengi ni kwamba Memcheck haipigi kelele pale thamani isiyo na cheti inaponakiliwa. Hungoja mpaka programu ifanye uamuzi kwa kutegemea thamani hiyo, au mpaka ijaribu kuitoa nje kupitia mfumo endeshi. Ina sababu nzuri ya kungoja, kwa sababu strakti nyingi zina nafasi za kujazia kati ya sehemu zake, na kuzinakili pamoja na strakti si kosa.

Matokeo yake ni kwamba lawama ya kwanza ilitokea ndani kabisa ya printf, ilipokuwa ikijaribu kugeuza uzito kuwa tarakimu za stakabadhi. Mtu mwenye haraka angesema kwamba maktaba ya C ina kasoro. Nilipowasha chaguo la kufuatilia asili, Memcheck ikanionyesha kwamba thamani ile isiyo na cheti ilizaliwa kwenye staki ya fanksheni ya kupokea mzigo. Kisha ikafuata lawama ya pili ambayo sikuitarajia: baiti zisizoandikwa zilikuwa zikitumwa nje kwenda mtandaoni.

## Mabaki yanayosafiri

Kila rekodi iliyotumwa kwa seva ilikuwa na uga wa jina wenye urefu usiobadilika. Jina fupi lilinakiliwa mwanzoni mwa uga, na nafasi iliyobaki ilitumwa na chochote kilichokuwamo. Nilipozisoma rekodi zilizofika kwenye seva baiti kwa baiti, nilikuta nyuma ya majina mafupi kuna mikia ya majina marefu ya watu wengine, na mara chache vipande vya namba za simu.

Hili si la kijijini kwetu tu. Januari 2016 kampuni ya Qualys ilitangaza udhaifu katika programu ya mteja ya OpenSSH, inayotumika kuingia kwa usalama kwenye kompyuta za mbali, kuanzia toleo la 5.4 hadi la 7.1, uliosajiliwa kama CVE-2016-0777. Mteja alikuwa na uwezo wa kurejesha muunganisho uliokatika, uwezo ambao uliwashwa bila mtumiaji kuuomba ingawa upande wa seva wa OpenSSH haukuwa nao. Seva yenye nia mbaya iliweza kumfanya mteja atenge eneo la kumbukumbu kwa ukubwa ambao seva yenyewe iliupanga, kisha amrudishie yaliyomo, na yaliyomo yalikuwa mabaki, yakiwemo pengine mabaki ya ufunguo wa siri wa mtumiaji. Tumezoea kuilinda seva dhidi ya mteja. Lakini siri mara nyingi ziko kwa mteja, na ni mteja anayezisambaza kwa kutojua.

## Shaka yangu kuhusu sifuri

Niliporipoti chanzo cha kosa, mwenzangu mmoja, kijana mwepesi na mwenye akili, alisema kwamba dawa ni tarakimu moja. Andika "= 0" mbele ya kigeu, na mambo yamekwisha.

Tulijaribu. Valgrind ilinyamaza papo hapo. Mabaki hayakuonekana tena.

Na hapo ndipo niliposita, kwa sababu waya ulikuwa bado umechomolewa, na programu ilikuwa imetuma kwenye seva kwamba mwanachama ameleta kilo sifuri. Uongo mmoja ulikuwa umebadilishwa kwa mwingine, na tofauti ni kwamba sasa uongo ulikuwa na cheti. Chombo pekee kilichoweza kutuambia kwamba programu haijui uzito kilikuwa kimeambiwa kwamba inaujua.

Nilimsimulia habari ya Debian. Mwaka 2006, mtunzaji mmoja wa kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji, katika mfumo endeshi wa Debian alishughulikia malalamiko ya Valgrind kuhusu kumbukumbu isiyopewa thamani ndani ya sehemu inayozalisha namba nasibu. Mistari miwili iliyofanana iliondolewa. Mmoja wao kweli ulihusu mabaki yasiyo na umuhimu mkubwa. Mwingine ndio uliokuwa ukiingiza unasibu wote wa kweli kwenye kizalishi. Malalamiko yalikwisha, na kwa takriban miaka miwili funguo zilizozalishwa kwenye Debian na kwenye mifumo iliyojengwa juu yake zilitegemea karibu namba ya mchakato tu, yaani namba ambayo mfumo endeshi huipa programu inayoendeshwa, ambayo kwa kawaida haizidi 32,768. Luciano Bello ndiye aliyeligundua, na tangazo likatoka tarehe 13 Mei 2008. Watu duniani kote walilazimika kutupa funguo zao.

Sisemi kwamba sifuri ni mbaya. Kompaila za kisasa zina chaguo la kujaza vigeu vyote vya staki zenyewe, kompaila ya Clang kwanza na kisha GCC kuanzia toleo la 12 la mwaka 2022, na kwa programu ambayo hakuna atakayeipitia upya mstari kwa mstari, ningeliwasha leo. Mabaki ya siri hayatasafiri tena. Hata hivyo chaguo hilo lina namna mbili, kujaza sifuri au kujaza muundo maalumu, na kwa mzani wa kahawa mimi ningechagua muundo. Ule wa GCC hurudia baiti ya 0xFE, na ukisomwa kama double hutoa namba hasi yenye tarakimu zaidi ya 300. Hakuna karani atakayeipiga muhuri.

Mwenzangu aliniuliza kwa nini basi lugha yenyewe haifanyi hivyo tangu mwanzo, wakati vigeu vya kudumu huanza na sifuri bila kuombwa. Vigeu vya kudumu husafishwa mara moja tu programu inapoanza, lakini vya staki vingesafishwa kila fanksheni inapoitwa, na kwa mashine za miaka ya 1970 ambazo C ilizaliwa juu yake gharama hiyo haikuwa ndogo. Sababu ilikuwa ya haki. Sina hakika kwamba bado ni ya haki kwa kompyuta inayokaa ikimsubiri mtu apandishe gunia.

## Tulichokibadilisha

Fanksheni ya kusoma mzani sasa imewekewa alama inayomfanya kompaila aonye kila mara matokeo yake yanapopuuzwa. Mzani usipojibu, programu hujaribu tena, na ikishindwa haichapi stakabadhi wala haitumi rekodi: huandika kwenye skrini kwamba uzito haukusomwa. Kigeu chenyewe huanza na NaN, thamani maalumu inayosema "hii si namba", ili hata njia tuliyoisahau isiweze kutoa namba ambayo mtu ataiamini, na upande wa seva hukataa rekodi yoyote yenye thamani hiyo. Strakti za mtandao hufutwa zote kabla ya kujazwa. Makarani wawili walilalamika kwamba programu mpya "inasumbua" kuliko ile ya zamani, kwa kuwa husimama mahali ambapo ile ilipita. Niliwaeleza, na mmoja wao, yule aliyempimia mama upya, ndiye aliyewaelewesha wenzake vizuri kuliko mimi.

## Rekodi za msimu

Imebaki kazi ambayo si ya programu. Seva ina rekodi zote za msimu, na nimetoa orodha ya kila mahali ambapo wanachama wawili waliofuatana kwenye kituo kimoja wamepewa uzito uleule. Orodha hiyo haithibitishi kitu peke yake. Mzani husoma kwa hatua ya gramu 200, magunia hulingana, na watu wawili wanaweza kwa haki kabisa kuleta kilo 47.6 wakifuatana. Muda kati ya rekodi hizo husaidia kidogo, kwa kuwa mzani usipojibu programu ya zamani ilingoja hadi mwisho wa muda wake kabla ya kuendelea, na ucheleweshaji huo unaonekana kwenye nyakati za kutuma. Nimeweka alama kwenye zile zenye ucheleweshaji na kuikabidhi orodha kwa bodi ya chama. Wameamua kuisoma kwenye mkutano wa wanachama, kituo kwa kituo, na kumwita kila aliyetajwa aje na stakabadhi yake.

Kituo cha juu kabisa bado hakimo kwenye orodha. Mashine yake ni ya zamani, ya biti 32, ambako pointa mbili huingia ndani ya baiti nane za double moja na mabaki si lazima yatoke katika sura ya 0.0 wala katika sura ya uzito wa jirani. Rekodi zake itabidi nizisome kwa njia nyingine, na nimeomba nipewe mashine yenyewe kabla hawajaibadilisha.